Injini Ilipozimika Juu ya Rufiji: Sayansi ya Ajali ya Ndege ya Vita ya Mwaka 1917

Reli inayopita Usinge, kati ya Kaliua na Nguruka, ilijengwa na Wajerumani walipoitawala nchi hii. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Mwaka huo huo wa 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza, na njia ya biashara ikageuka kuwa njia ya vita. Miongoni mwa mizigo iliyosafirishwa kwenda Kigoma ulikuwamo mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo iliangamizwa katika delta ya mto Rufiji mwezi Julai 1915. Mzinga huo ulifungwa katika meli Graf von Götzen, ile ambayo wasafiri wa Ziwa Tanganyika waliijua baadaye kwa jina la Liemba.

Hivyo reli moja iliziunganisha pande mbili za vita zilizo mbali sana, Rufiji na Ziwa Tanganyika. Pande zote mbili zilifanana kwa jambo jingine pia: katika kila moja ndege za vita zilitumika, nazo wakati huo zilikuwa chombo kipya kabisa, kwani ndege ya kwanza yenye injini iliruka Marekani mwaka 1903 tu. Katika makala haya tutachambua ajali moja ya ndege hizo, iliyotokea Rufiji tarehe 6 Januari 1917. Watu wawili walikuwa ndani yake. Wote wawili walitua salama, lakini baada ya siku tatu mmoja wao alikuwa amekufa.

Tutajiuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini ndege za wakati ule zilishindwa mara nyingi katika nchi zetu? Pili, ni kitu gani kilichoamua nani afe na nani aishi baada ya ndege kushuka? Msomaji ataona kwamba majibu yanapatikana katika masomo ya kawaida ya shule ya sekondari: fizikia, jiografia na biolojia.

TUKIO LENYEWE

Mwanzoni mwa mwaka 1917 majeshi ya Waingereza yalikuwa yakiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini mwa mto Rufiji. Manowari za Kiingereza zililinda pwani, na ndege za majini, yaani ndege zenye maboya badala ya magurudumu, zilitumwa kuchunguza delta kutoka angani.

Tarehe 6 Januari ndege moja ya aina hiyo iliruka ikiwa na rubani Edwin Rowland Moon, pamoja na Kamanda Richard Bridgeman wa Jeshi la Wanamaji, aliyekuwa mwangalizi. Kazi ya mwangalizi ilikuwa kutazama chini na kukumbuka au kuandika aliyoyaona. Moon hakuwa mgeni wa ndege. Alizaliwa Southampton, Uingereza, na huko ndiko alikojenga ndege yake mwenyewe karibu na mwaka 1910, wakati watu waliowahi kuruka duniani walikuwa bado wachache.

Wakiwa juu ya delta, injini iliharibika. Moon alilazimika kuteremka katika mojawapo ya vijito vya delta. Kwa kuwa eneo hilo lilikuwa mikononi mwa Wajerumani, maafisa hao waliiharibu ndege yao ili isitekwe. Kisha wakaanza safari ya kutafuta njia ya kurudi kwenye meli yao.

Walitangatanga katika delta kwa siku tatu, karibu bila chakula. Kingo za vijito zilikuwa zimefungwa na mimea isiyopenyeka, hata ikawabidi kuogelea tena na tena kutoka upande mmoja hadi mwingine. Asubuhi ya tarehe 7 walitengeneza chelezo kwa miti mitatu na fremu za madirisha ya kimia. Siku ile nzima na siku ya pili yake walipiga kasia na kuchukuliwa na maji. Asubuhi ya tarehe 9 maji yakawatoa nje ya delta mpaka baharini. Bridgeman, ambaye hakuwa mwogeleaji hodari, alikufa huko kwa uchovu na kwa kukaa mno majini bila kinga. Moon alijitahidi sana kumwokoa asifanikiwe. Jioni ya siku hiyo hiyo Moon aliifikia nchi kavu, akachukuliwa mateka na Wajerumani.

Ndugu msomaji na aziweke tarehe na saa hizi akilini, hasa asubuhi na jioni ya tarehe 9 Januari. Tutazirudia.

HEWA NYEPESI NA INJINI CHOVU

Ndege huinuka kwa sababu mbawa zake, zinapokwenda kwa kasi, huisukuma hewa chini, nayo hewa huzisukuma mbawa juu. Nguvu hiyo ya kuinua hutegemea mambo manne: ukubwa wa mbawa, umbo na mwinamo wake, mraba wa kasi ya ndege, na densiti ya hewa, yaani tungamo la hewa lililomo katika meta moja ya ujazo. Densiti ikipungua, nguvu ya kuinua nayo hupungua. Rubani anaweza kufidia upungufu huo kwa kuongeza kasi, lakini apate wapi kasi hiyo ikiwa injini yake nayo inavuta hewa ile ile nyepesi?

Densiti ya hewa kavu twaweza kuikadiria kwa kanuni rahisi: gawanya kanieneo ya hewa, kwa paskali, kwa zao la 287 na halijoto kwa kelvini. Katika usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za sentigredi, jibu ni karibu kilogramu 1.225 kwa meta ya ujazo. Hiki ndicho kipimo ambacho wahandisi wa ndege hukichukua kuwa cha kawaida. Sasa tukilinganishe na hali za kwetu.

Pwani ya Rufiji, kwenye nyuzi 32, densiti hupungua kwa karibu sehemu 6 katika 100. Unyevunyevu mwingi wa pwani huipunguza kidogo zaidi, kwani mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Jumla ya upungufu ni karibu sehemu 7 katika 100. Kwenye Ziwa Tanganyika, lililo karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 30 upungufu ni karibu sehemu 13 katika 100. Tabora, karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ni karibu paskali 88,000. Kwenye nyuzi 30 densiti ni kilogramu 1.01 hivi, na upungufu ni zaidi ya sehemu 17 katika 100. Kwa kuwa nguvu ya kuinua hufuata mraba wa kasi, ndege inayoondoka Tabora saa za mchana inahitaji kasi iliyozidi kwa sehemu 10 katika 100 ile ambayo ingetosha pwani ya Ulaya siku ya baridi.

Upungufu huu haulitishi dege la leo lenye nguvu nyingi za akiba. Kwa ndege za wakati ule lilikuwa jambo zito. Injini zake zilikuwa nzito na dhaifu. Mbawa zilikuwa za mbao na kitambaa, zimeshikamanishwa kwa gundi na nyaya. Aidha, ndege ya majini ilibeba mzigo wa maboya, na kabla ya kuruka ilipaswa kujinasua na maji yanayoyang'ang'ania maboya hayo.

Joto liliongeza taabu nyingine. Injini iliyopozwa kwa maji hutoa joto lake kupitia rejeta, na rejeta hufanya kazi vizuri pale tu hewa ya nje inapokuwa baridi zaidi sana kuliko maji yaliyomo ndani yake. Tofauti hiyo ikipungua, maji huchemka na injini hupata moto kupita kiasi. Unyevunyevu nao huingia katika vifaa vya umeme vinavyotoa cheche, na huilainisha gundi mpaka mbao zikaachana.

Historia ya Rufiji yenyewe inathibitisha haya. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walimleta rubani Dennis Cutler kutoka Durban, Afrika ya Kusini, pamoja na ndege za majini aina ya Curtiss, ili aitafute Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta. Rejeta ya ndege iliposhindwa kazi, ilibidi itafutwe nyingine Mombasa, iliyotoka katika motokaa aina ya Ford. Mwezi Februari 1915 zililetwa ndege nyingine za majini, aina ya Sopwith. Hizo zilipata shida kubwa ya kuinuka zikiwa na mzigo, na joto na unyevunyevu viliharibu mbao zake. Ndege za aina ya Short zilizofuata zilifanya kazi nzuri zaidi, lakini hazikuweza kupanda juu sana, na kwa hiyo zilikuwa shabaha rahisi. Mambo yalibadilika katikati ya mwaka 1915 zilipoletwa ndege za nchi kavu, ambazo hazikubeba maboya, nazo zikaruka kutoka kiwanja kilichotengenezwa kisiwani Mafia.

Kwa hiyo rubani aliyeruka juu ya delta alikuwa na maadui wawili, askari waliokuwa chini na injini iliyokuwa mbele yake. Ndege ya Moon na Bridgeman ilishushwa na huyo wa pili.

MAJI KUJAA NA KUPWA

Sasa tuingie katika swali letu la pili. Wanafunzi wa Tabora wanaishi katika nchi ambayo maji yake hayajui kujaa na kupwa. Mvua inyeshayo Usinge huingia katika bonde la Malagarasi, ikafika Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hupitia mto Lukuga na mto Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Rufiji ni jambo jingine. Mto huo hukusanya maji ya eneo la karibu kilometa za mraba 177,000, kisha ukagawanyika katika mikono mingi yenye misitu ya mikoko kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Katika delta hiyo maji ya vijito hayana mwelekeo mmoja. Kwa muda wa saa sita hivi bahari huingia ndani, na kwa saa sita nyingine hutoka.

Chanzo cha mwendo huo ni mvutano wa mwezi na jua. Mwezi huyavuta zaidi maji yaliyo upande unaouelekea kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia zaidi kuliko maji yaliyo upande wa pili. Matokeo yake ni miinuko miwili ya maji, mmoja kila upande. Dunia inapozunguka, pwani moja hupita katika miinuko yote miwili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Dakika hizo 50 zinatokana na mwezi wenyewe kusonga mbele katika njia yake kila siku.

Jua nalo huyavuta maji, ingawa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja, na nguvu hizo mbili husaidiana. Hapo ndipo pwani hupata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika mwambao wetu tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kuzidi meta 3. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana, yakawa maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo. Bamvua yenye nguvu zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka.

Sasa tuirudie kalenda. Mwezi ulipevuka tarehe 8 Januari 1917. Hakuna shaka juu ya hilo, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na kupatwa kabisa kwa mwezi, jambo ambalo hutokea wakati wa mwezi mpevu peke yake. Kwetu ilikuwa asubuhi na mwezi ulikwisha kutua, basi hakuna mtu wa Rufiji aliyeweza kukuona kupatwa huko. Lakini bahari haihitaji kuuona mwezi. Moon na Bridgeman, bila kuchagua, walipanda chelezo chao siku ile ile bamvua ilipokuwa ikikaribia.

Wavuvi wa mwambao wetu wanajua kanuni moja nyepesi. Siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu saa 10 au saa 11 za alfajiri. Hupwa kabisa karibu saa 4 au saa 5 za asubuhi, kisha hujaa tena karibu saa 10 au saa 11 za jioni. Tuiweke kanuni hiyo juu ya habari ya tarehe 9 Januari. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, na ni asubuhi hiyo chelezo kilipotolewa baharini. Baada ya saa 5 maji yaligeuka na kuanza kurudi pwani, na jioni ya siku hiyo Moon akaifikia nchi kavu. Habari ya watu hawa wawili inalingana na saa ya bahari.

Kanuni hiyo inatueleza pia kwa nini walihangaika siku mbili nzima, tarehe 7 na 8, wasifike popote. Chelezo kisicho na tanga wala usukani huenda na maji saa sita, kikarudi nayo saa sita. Tuchukue mfano. Ikiwa mkondo una kasi ya wastani ya nusu meta kwa sekunde, katika saa sita kitu kinachoelea kitasafiri karibu kilometa 11. Mtu mwenye njaa, akipiga kasia kwa ubao, hawezi kuushinda mkondo wa namna hiyo kwa muda mrefu. Tena katika mlango wa mto mkubwa mwendo wa kutoka hupata nguvu kuliko ule wa kuingia, kwani maji ya bahari yaliyoingia hutoka pamoja na maji ya mto wenyewe. Kila mzunguko wa kujaa na kupwa hukisogeza chelezo karibu zaidi na bahari, na bamvua inapofika, mzunguko mmoja watosha kukitoa nje.

MWILI WA BINADAMU MAJINI

Yapo mawazo kwamba mtu hawezi kufa kwa kupoteza joto katika bahari yetu, kwa kuwa maji yake ni ya uvuguvugu. Mawazo hayo yana hatari. Mwezi Januari bahari ya pwani yetu huwa na nyuzi 28 hivi, hali mwili wa binadamu hutaka kubaki kwenye nyuzi 37. Joto husafiri kutoka penye moto kwenda penye ubaridi, na maji hulipitisha kwa wepesi wa mara 25 hivi kuliko hewa. Kwa saa moja mtu haoni dhara. Kwa siku tatu za kulowa, kuogelea na kulala bila nguo kavu, mwili hutumia akiba yake ya nguvu kujipatia joto, na kama hakuna chakula akiba hiyo haijazwi.

Kiu nayo huongeza hatari. Mtu anayefanya kazi ngumu katika joto la pwani hupoteza lita kadhaa za maji kwa siku kwa njia ya jasho. Katika vijito vya delta vilivyo karibu na bahari, maji yaliyomzunguka ni ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Anayeyanywa hulazimika kutumia maji ya mwili wake kuitoa chumvi hiyo, akabaki na kiu kubwa zaidi.

Uhodari wa kuogelea nao una maana ya kisayansi. Mwogeleaji aliyezoea hutumia nguvu chache kwa kila meta, hujua kuelea bila kujitaabisha, na hatapitapi. Asiyezoea hutumia nguvu nyingi hata kwa kubaki mahali pamoja. Maafisa hawa wawili walivuka vijito vile vile kwa siku zile zile, lakini gharama ya kila kijito haikuwa sawa kwao. Walipofika baharini asubuhi ya tarehe 9, akiba ya Bridgeman ilikuwa imekwisha, na ile ya Moon ilikuwa imebaki kidogo. Tofauti hiyo ndogo, pamoja na maji yaliyogeuka baada ya saa 5, ndiyo iliyomfikisha mmoja ufukoni.

HATIMA ZA WENGINE

Tulinganishe na ajali nyingine za Rufiji. Mwezi Desemba 1914 injini ya ndege ya Cutler ilizimika juu ya delta, akashuka mtoni na kukamatwa na Wajerumani. Tarehe 11 Julai 1915 marubani Cull na Arnold walikuwa angani wakiziongoza kwa simu ya upepo manowari Severn na Mersey zilizokuwa zikiipiga Königsberg. Ndege yao ilipigwa ikaanguka mtoni, huku Arnold akiendelea kupeleka habari za shabaha. Hiyo ilikuwa ajali mbaya kuliko ile ya Moon, kwani ndege iliangushwa kwa mizinga. Hata hivyo wote wawili waliokolewa, kwa sababu walianguka karibu na Mersey na mashua ikawafikia. Siku hiyo hiyo Königsberg ikaangamia.

Upande wa magharibi, Wabelgiji walileta ndege za majini aina ya Short kutoka Ulaya kupitia Matadi, kwa reli na kwa meli za mto Kongo, mpaka Ziwa Tanganyika. Mwezi Juni 1916 zilirusha mabomu Kigoma, zikiikusudia Graf von Götzen. Mwezi Septemba majeshi ya Wabelgiji, yakifuata upande wa reli, yaliingia Tabora na kuwakuta huko mateka wa nchi zilizopigana na Wajerumani. Rubani Aimé Behaeghe, mmoja wa waliorusha mabomu hayo, aliokoka katika mashambulio yote. Alikufa Kongo mwezi Desemba 1916 kwa ugonjwa.

Moon naye aliachiliwa kabla ya vita kumalizika, akapewa nishani ya DSO kwa ushujaa wake katika kumwokoa mwenzake. Tarehe 29 Aprili 1920, wakati wa amani, alikufa katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, Uingereza.

Tukiziweka habari hizi pamoja tunaona kwamba aliyepigwa kwa mzinga aliishi, na aliyetua salama alikufa. Kuanguka kwenyewe hakukuamua hatima ya mtu. Iliamuliwa na mahali alipofikia, na nani aliyekuwa karibu naye.

ELIMU ILIYOKUWA KARIBU

Delta ya Rufiji haikuwa nchi tupu. Kwa karne nyingi watu wake wamevua samaki, wamelima mpunga na kukata boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Mtu anayeishi kwa kazi hizo hupanga siku yake kwa kujaa na kupwa. Anajua kijito kipi kinafungwa, kipi kinatokea baharini, na siku gani si ya kusafiri kwa chombo kibovu. Elimu iliyohitajika kumwokoa Bridgeman ilikuwapo pale pale, pengine umbali wa kijito kimoja au viwili.

Lakini maafisa hao walikuwa wakijificha. Kumwendea mwenye nyumba na kumwuliza njia kungeweza kuwa sawa na kujitoa mateka. Vita iliwafungia mlango wa elimu waliyoihitaji. Na watu wa delta nao walikuwa wameonewa na vita isiyokuwa yao kwa zaidi ya miaka miwili. Hapana budi tukumbuke pia kwamba katika vita hiyo mamia ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki, wakiwamo watu wa Unyamwezi waliorithi kazi hiyo kwa babu zao wa misafara, walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, yaani kwa mambo yale yale yaliyomwua Bridgeman. Habari ya maafisa wawili wa ndege imeandikwa saa kwa saa. Ya wapagazi hao haikuandikwa hata majina yao.

Mwalimu anayefundisha somo la mvutano wa mwezi mbali na bahari huenda akaulizwa na wanafunzi lina faida gani kwao. Habari hii ni jibu mojawapo. Sheria za maumbile hazingojei mtu azijue ndipo zimhusu. Anayezijua huweza kungoja maji yageuke. Asiyezijua hupigana nayo.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Tafuta urefu wa mahali unapoishi kutoka usawa wa bahari. Ikiwa kanieneo ya hapo ni paskali 89,000 na halijoto ni nyuzi 27 za sentigredi, kadiria densiti ya hewa kavu, kisha uilinganishe na kilogramu 1.225.

2. Ndege fulani huhitaji kasi ya kilometa 80 kwa saa ili kuinuka katika hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Itahitaji kasi gani kwa densiti uliyoipata katika swali la kwanza?

3. Ikiwa maji yalijaa kabisa saa 11 alfajiri ya tarehe 9, yalijaa saa ngapi alfajiri ya tarehe 7? Eleza kwa nini saa hubadilika kila siku.

4. Chora jua, dunia na mwezi siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Kwa nini kupatwa kwa mwezi hakutokei siku ya maji mafu?

5. Waulize wazee wa kijiji chako ni dalili gani walizotumia kujua majira ya mvua au mafuriko ya mto ulio karibu. Chagua dalili moja, na ueleze jinsi utakavyoipima kisayansi kwa muda wa mwaka mmoja.